Kosa la Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Wewe uliyelifungua daftari hili, kama si mimi, ninakuomba kwa jina la mzazi wako: funga mlango kwanza. Usimsomee mwenzako hata mstari mmoja. Usiseme ulilikuta wapi wala ulipewa na nani. Watu walioandikwa humu wanakula na kulala Tabora hii hii, na mmoja wao anaweza kunifukuza kazi kabla chai yake haijapoa.

Ofisi yetu sitaitaja kwa jina. Ni ofisi inayohamisha watu kwenda kwenye vijiji vipya. Mimi ni karani wa masjala: ninapokea barua, ninazipa namba, ninaziingiza kwenye faili, na kabla barua yoyote haijatoka ninailinganisha na ile iliyotangulia. Naitwa Silasi Masolwa. Nina miaka ishirini na mitatu na nimemaliza kidato cha sita, jambo ambalo nusu ya watu wa ofisi hii hawawezi kulisema.

Leo Ndugu Kashindye, afisa utumishi, aliniita. Hakuniambia nikae.

"Karani, bosi wako anakunywa?"

"Sijamwona akinywa, Ndugu."

"Hujamwona akinywa. Unamwona anavyotembea?"

Hilo ninaliona, na kila mtu analiona. Bwana Twalibu Mabruki, karani mkuu wetu, anatembea akiwa ameshika ukuta kama abiria ndani ya behewa. Ulimi wake mzito. Ni mtu wa Isevya, mtoto wa watu, kanzu yake ya Ijumaa nyeupe pe, na saa nne asubuhi anayumba! Watu hawa wa mjini wana majivuno ya babu zao tu.

"Utaandika kila kosa lake," alisema Kashindye. "Tarehe, faili, kosa. Kila Ijumaa unaniletea karatasi. Taifa halijengwi na walevi, kijana."

Nilisema ndiyo. Ningesema nini? Daftari hili nimelianza ili nakala ibaki kwangu. Siamini droo ya mtu mwingine.

Jumanne, 5 Novemba

Kosa la kwanza. Barua ya Igalula ameiweka kwenye faili la viwanja vya Cheyo.

Jumatano, 6 Novemba

Kosa la pili. Ameniuliza jina langu la kwanza. Tumekaa chumba kimoja mwaka mmoja na miezi mitatu.

Alhamisi, 7 Novemba

Hakuna mvua. Hakuna kosa. Nimekula ugali wa unga wa njano, tumbo limenguruma hadi jioni.

Ijumaa, 8 Novemba

Kosa la tatu na la nne, yote kabla ya saa tano. Alisaini barua moja mara mbili, saini juu ya saini, kisha akaniuliza kama ameshasaini. Nimempelekea Kashindye karatasi. Aliisoma kwa kidole, akaiweka kwenye droo yake, akageuza ufunguo.

Jumanne, 12 Novemba

Apolinaria, mpiga chapa wetu, amegundua kwamba ninaandika. Ni mwanamke mnene anayetafuna karanga juu ya mashine ya serikali. Mimi ninapofika kazini ninapangusa maganda kwenye barua.

"Karani wa malaika," aliniambia, "leo umeandika dhambi ngapi?"

"Ninaandika hesabu ya faili."

"Hesabu ya faili inamtazama mtu miguuni?"

Nilimwambia afanye kazi yake. Akacheka, akaendelea kutafuna. Simwogopi. Mtu asiyejua hata kuficha maganda ya karanga ataficha nini, au atafichua nini?

Ijumaa, 15 Novemba

Kosa la sita. La tano, la juzi, lilikuwa tarehe iliyokosewa kwenye barua. Dereva wetu mmoja alikuja kuomba ruhusa ya kwenda kumzika mama yake. Bwana Twalibu akacheka. Hakutabasamu, alicheka kwa sauti, machozi yakamtoka, na hakuweza kuacha. Dereva alisimama na kofia yake mkononi. Kisha Bwana Twalibu akaziba mdomo kwa mikono miwili, akatoka nje akiegemea ukuta.

Hata mlevi ana haya kuliko huyu.

Jumanne, 19 Novemba

Mawingu yalikuja, yakapita kwenda kwa wenzetu.

Leo Bwana Twalibu alikuwa amechangamka. Alinisimulia habari za babu yake, aliyekuwa kirangozi, yaani kiongozi wa wapagazi, enzi za misafara. Babu huyo alimfundisha kambi zote za njia ya zamani: jina la kambi, kisima chake kiko upande gani, mpagazi asilale wapi. Akafumba macho akazitaja moja baada ya nyingine, kutoka mji huu hadi pwani, kisha akageuka akazitaja kutoka pwani kurudi. Hakukwama hata mara moja, na ule ulimi mzito ukawa mwepesi.

"Umeona, mwanangu? Ziko zote."

"Nimeona, Bwana. Na faili la malori nililokuletea asubuhi?"

Alinitazama. "Faili lipi?"

Lilikuwa chini ya kiwiko chake.

Nimeandika kosa la saba. Kichwa kimejaa vituo vya wapagazi waliokufa, na nafasi ya faili moja haipo. Ndiyo sababu sikuwahi kutaka kuzeeka katika mji huu, ingawa yeye, ukitazama kumbukumbu zake za utumishi, ana miaka arobaini na mmoja tu.

Jumatatu, 25 Novemba

Kosa la nane.

Alhamisi, 28 Novemba

Kosa la tisa. Joto. Wino unakauka kwenye kalamu. Ofisi nzima inangoja mvua na inaomba isije, kwa sababu malori hayajamaliza kuhamisha watu.

Ijumaa, 6 Desemba

Jambo la kuandika limepatikana.

Kaya sitini na moja za kusini mwa Igalula zinahamishwa Jumanne. Tangu Agosti imejulikana zinakwenda Mtakuja. Mtakuja kuna kisima, viwanja vimepigwa vigingi, mabati ya shule yameshafika. Barua nne ziko kwenye faili na zote zinasema Mtakuja. Leo asubuhi Bwana Twalibu alimsomea Apolinaria barua ya tano, ile ya kuwapa madereva. Alianza vizuri, akakwama mahali pa jina. Nilimsikia akirudia, "Wapelekwe... wapelekwe..." Kisha akafumba macho kama siku ile, na jina likatoka bila taabu: Kasimbu.

Kasimbu si kijiji. Ni kambi ya misafara. Palikuwa na kisima wakati babu yake anabebesha watu pembe, na pana ziwa la tope nyuma yake msimu wa mvua. Leo hakuna nyumba wala njia, ila mbuga ya udongo mweusi.

Apolinaria alipiga Kasimbu. Bwana Twalibu akasaini. Barua ikaja kwangu. Nikailinganisha na zile nne, kama kazi yangu inavyotaka, na nikaliona kosa hapo hapo.

Nikagonga muhuri.

Hii ni kwa sababu Kashindye aliniambia niandike makosa, hakuniambia niyasahihishe. Nikiyasahihisha hayawi makosa tena, na karatasi yangu itakuwa tupu, naye atasema namlinda mlevi. Tena madereva ni watu wazima. Watafika, wataona pori, watarudi. Bwana Twalibu ataumbuka, na hilo ndilo linalotafutwa.

Makosa yote sasa ni kumi na moja. La kumi lilikuwa dogo. Nilimpelekea Kashindye karatasi saa sita na robo. Kidole chake kilishuka hadi chini, kikasimama.

"Kasimbu!" Akacheka. "Huko hata fisi wamehama."

Nilisimama. Nilidhani atasema barua irudishwe. Labda naye alidhani nitauliza.

"Safi sana," alisema. "Hili ndilo tulilokuwa tunalingoja." Akafunga droo.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Tulipangwa mstari mbele ya wananchi. Wimbo ulipoanza, Bwana Twalibu alianguka. Alianguka mzimamzima, kama gunia linaloshushwa, na suruali yake ikalowa mbele ya watu wote. Kuna waliocheka, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Ninaandika hivyo kwa sababu hapa ninasema kweli.

Mke wake, Bi Mwanamkuu, alipita katikati ya mstari, akavua kanga ya juu akamfunika kiunoni. Nilikuwa karibu yake. Alinitazama.

"Shikamoo, Bibi," nilisema. Ndilo neno lililonijia.

"Marahaba. Endelea kucheka, mwanangu. Meno yako mazuri."

Kuumbuka kumefika mapema kuliko nilivyotarajia. Sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi.

Jumanne, 10 Desemba

Malori sita yameondoka alfajiri. Saa tisa mvua imeanza.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua.

Alhamisi, 12 Desemba

Mvua. Malori hayajarudi.

Ijumaa, 13 Desemba

Madereva wawili wamerudi kwa treni kutoka Igalula, tope hadi mapajani. Malori yote sita yamezama mbugani wakati wa kurudi. Nilimuuliza mmoja, yule yule aliyefiwa na mama:

"Watu mliwaacha wapi?"

"Kasimbu."

"Hamkuona kwamba hakuna kijiji?"

"Tuliona."

"Sasa?"

Alitoa barua mfukoni. Ilikuwa imelowa lakini muhuri wangu ulisomeka. "Karani, mwezi uliopita mwenzetu alirudi na watu kwa sababu aliona njia mbaya. Akaambiwa anapinga Azimio. Yuko ndani mpaka leo. Mimi nasoma barua. Barua ni Kasimbu, nashusha Kasimbu."

Nilimdharau kwa muda wa kutoka mlangoni hadi kwenye meza yangu. Kisha nikakaa.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua. Trekta limetumwa, nalo limezama.

Jumanne, 17 Desemba

Mvua.

Ijumaa, 20 Desemba

Watu wamefikiwa kwa miguu. Kaya zile sitini na moja zilikaa siku tisa chini ya mikeka na matawi. Nyumba zao za zamani zilibomolewa na vijana wetu siku waliyoondoka, ili wasirudi. Kisima cha Kasimbu kiliporomoka zamani. Walikunywa maji ya ziwa la tope. Walianza kuhara siku ya tatu. Waliokufa ni wanne: watoto wawili wa mama mmoja, bibi mmoja kipofu, na mwanamume aliyetoka kutafuta njia akachukuliwa na maji.

Habari ililetwa ofisini na mganga wa zahanati. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia kwa sababu ya viatu vyake. Aliyataja majina manne, nami, kwa kuwa ni karani wa masjala, nikayaandika. Nikayapa namba ya faili.

Apolinaria aliacha kutafuna. Aliitoa nakala ya kaboni ya barua ile, akaisoma kwa kunong'ona, akafika mahali pa jina.

"Mimi napiga ninachosomewa," alisema.

Hakuna aliyemuuliza.

"Napiga ninachosomewa. Lakini wewe, Silasi, kazi yako si kupiga. Kazi yako ni kuangalia." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Hukuona?"

Nikasema sikuona.

Jumatatu, 23 Desemba

Bwana Twalibu amesimamishwa kazi. Kesi itakwenda mahakamani: uzembe kazini kwa ulevi, uliosababisha vifo. Wanasema ni miaka mingi jela.

Kashindye aliniita. Safari hii aliniambia nikae.

"Zile karatasi zako ni ushahidi mzuri. Ila ile ya tarehe sita ina kosa."

"Kosa gani, Ndugu?"

"Ina makosa kumi na moja. Ilikuwa na kumi." Akanisukumia karatasi tupu na kalamu. "Andika upya. Hilo la kumi na moja hatukulijua, si wewe, si mimi. Ungelijua ungeniambia, nami ningesimamisha malori. Au siyo?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilitazama kidole chake juu ya meza, kile kile.

"Kiti cha karani mkuu kitakuwa wazi," alisema. "Wanataka kijana msomi."

Niliandika upya. Alichana ile ya zamani mbele yangu, akavitia vipande mfukoni, na nikamwambia asante. Nimeandika neno hilo hapa ili nilione.

Krismasi

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 30 Desemba

Kashindye alinituma hospitali nichukue matokeo ya eksirei ya kichwa cha Bwana Twalibu, yawekwe kwenye faili la kesi. Bi Mwanamkuu alimpeleka huko baada ya kuanguka.

Daktari Malek ni Mhindi mfupi anayesema Kiswahili cha hapa hapa mjini. Bwana Twalibu alikuwa amekaa kitandani. Nilitaka kungoja nje. Daktari akasema nikae, akidhani mimi ni ndugu. Bwana Twalibu aliniona, akafurahi, na nilijua hakumbuki nimefanya nini, au hakuwahi kujua.

"Bwana Twalibu, nakupa maneno matano. Chumvi, nyundo, treni, mbuzi, kitabu. Sema."

Akayasema yote. Daktari akampigapiga magoti kwa kinyundo. Mguu uliruka kama umeguswa na moto. Akamfunika jicho moja, akasogeza kidole. Zilipita dakika tano.

"Yale maneno?"

"Mbuzi," alisema Bwana Twalibu. Kisha, polepole, "Kulikuwa na mengine?"

"Kulikuwa na mengine."

"Basi yamekwenda." Akacheka kile kicheko, machozi yakamtoka, akajaribu kukikamata kwa mikono. "Samahani, Daktari. Hakinichekeshi. Kinatoka tu."

Nje, kwenye baraza, Daktari aliinua filamu juani. Fuvu tupu, jeupe, na meno.

"Andika kwamba hakuna kitu," alisema. "Mfupa mzima. Lakini uwaambie wakubwa wako kwamba hii ni picha ya nyumba kwa nje. Anayeumwa yuko ndani."

"Anaumwa nini, Daktari?"

"Umeona waya wa umeme, lile ganda lake la mpira? Mishipa ya fahamu ina ganda kama hilo. Nadhani lake linaliwa, hapa na pale, kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo. Likiliwa hapa, mguu. Likiliwa pale, jicho, mkojo, kicheko. Likiliwa kwingi, yanaanza kupotea mambo mapya. Ya zamani yanabaki. Wazungu wanauita sklerosisi. Vitabu vyangu vinasema ni wa nchi za baridi, huku haupo." Akashusha filamu. "Vitabu vyangu havijafika Isevya."

"Ofisini wanasema ni pombe."

"Wewe umekaa naye chumba kimoja?"

"Ndiyo."

"Muda gani?"

"Mwaka na miezi mitano."

"Umewahi kusikia harufu?"

Sikuwahi. Hata mara moja. Mwaka na miezi mitano, meza yangu hatua tatu kutoka kwake, na pua ninayo.

Jumanne, 31 Desemba

Kashindye amesoma cheti cha eksirei. Hakusoma maelezo, alisoma mstari wa mwisho tu. "Hakuna kitu! Serikali imempiga picha, kichwa kizima. Hata ugonjwa anataka kuuagiza Ulaya." Ofisi ilicheka. Apolinaria hakucheka.

Alhamisi, 9 Januari 1975

Daktari Malek amempeleka Bwana Twalibu Dar es Salaam kwa treni. Huko hospitali kubwa wanaweza kutia hewa kupitia mgongoni, hewa ipande hadi ndani ya kichwa, ndipo wapige picha. Anaogopa pia kwamba huenda ni uvimbe. Bi Mwanamkuu ameuza cherehani yake.

Kesi imewekwa tarehe kumi na saba Februari.

Jumatano, 15 Januari

Mvua.

Jumatatu, 20 Januari

Nimekalia kiti cha karani mkuu, kwa muda. Kina mto ulioshonwa na Bi Mwanamkuu. Nimeuondoa, nikaurudisha, nikauondoa.

Jumanne, 4 Februari

Leo Apolinaria alifunika mashine yake mapema. "Nakwenda Isevya. Bwana Twalibu amerudi. Kama una miguu, twende."

Nilikwenda. Njiani nilijua kwamba amekuwa akienda kila Jumamosi, na unga, na sabuni. Alinishika mkono kuvuka mfereji. Niliona aibu kuwa nimeandika habari za maganda ya karanga, lakini sitazifuta.

Bwana Twalibu alikuwa amelala chali chumbani. Ile hewa ilimpa maumivu ya kichwa ya wiki mbili. Hakuweza hata kuketi. Daktari Malek alikuwepo, na bahasha kubwa. Alibandika filamu kwenye kioo cha dirisha.

Sasa haikuwa mfupa tu. Katikati palikuwa na weusi, mabawa mawili ya weusi, mapana.

"Hiyo ni hewa," alisema Daktari. "Imeingia kwenye vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo. Kila mtu anavyo. Vya mtu wa umri wake vingekuwa vyembamba hivi." Akaonyesha kwa kidole. "Vyake vimekuwa ukumbi. Ubongo unaovizunguka umesinyaa. Uvimbe hakuna. Yale madonda yenyewe siyaoni. Hii picha haiwezi kuyaonyesha. Nimesoma kwamba Ulaya wameanza kuwa na mashine inayopiga picha ya ubongo vipande vipande, kama unavyokata mkate. Nimesoma tu. Lakini hii inatosha kwa mtu mwenye macho. Mtu huyu hakulewa. Mtu huyu hakuwa na mahali pa kuliweka jina la Mtakuja."

Bi Mwanamkuu alikuwa amesimama mlangoni na beseni.

"Daktari," alisema, "miaka miwili nimemwambia mume wangu anavunja vyombo kusudi. Nilimtukana. Sasa wewe unaniambia alikuwa hana mahali."

"Hukujua, Bibi."

"Nilikuwa nalala naye." Akaweka beseni chini. "Ningejuaje? Lakini ofisini? Barua inapita mikono mingapi ofisini? Hakuna hata mmoja aliyeona jina si lile?"

Apolinaria alinitazama. Daktari alinitazama kwa sababu Apolinaria ameniangalia. Kitandani, Bwana Twalibu alisema:

"Silasi anaangalia. Silasi hakosei. Mimi humwachia yeye, kwa sababu najua yangu yanapotea. Tangu mwaka jana najua. Nilimwomba Mungu tu asihamishwe ofisi nyingine."

Jina langu la kwanza alilitaja lote.

Nilitoka. Nilitembea hadi stesheni na kurudi.

Jumatatu, 10 Februari

Kashindye ameiona filamu. "Wamempiga picha ya hewa!" alisema. "Ndiyo, nakubali, ndani mna hewa." Nimemdharau mtu huyu kwa moyo wangu wote, kisha nikasaini maelezo aliyonitayarishia. Yanasema sikuiona barua ya tarehe sita kabla haijatoka. Muhuri, yanasema, uligongwa na Bwana Twalibu mwenyewe.

Daktari atasimama mahakamani, watamuuliza: mgonjwa, sawa, kwa nini basi hakuna aliyemzuia? Na maelezo yangu yatajibu: kwa sababu alifanya yote peke yake, kwa siri, kama mlevi anayejificha. Filamu haitamwokoa. Maelezo yangu yataikanyaga.

Nilinawa uso, nikagonga muhuri barua kumi na nne. Nimezilinganisha zote.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeomba kiti cha karani mkuu nisipewe. Kashindye alinitazama, akaelewa kitu, si chote. Nimehamishiwa ghala la vyakula Igalula, kuanzia kesho. "Huko utasoma magunia," alisema. Anataka niwe mbali Jumatatu, siku ya kesi.

Niliwadharau watu wote katika daftari hili. Mlevi hakuwa mlevi. Mpiga chapa anajua njia ya kwenda kwa mgonjwa. Dereva alikuwa na sababu ya kuogopa. Mwenzake yuko ndani. Mimi nilikuwa na hofu tu, na barua nne mkononi.

Ijumaa, 14 Februari

Bi Mwanamkuu, ninaandika haya stesheni, treni ya saa saba haijafika. Apolinaria atakuletea daftari. Yeye hajalisoma, na nimemwomba asilisome. Wewe lisome lote, hata palipo na maneno mabaya juu ya mumeo, kisha mpe wakili kabla ya Jumatatu. Usimpe mtu wa ofisi yetu, hata akija na barua. Daktari Malek atathibitisha kwamba tarehe thelathini Desemba nilikuwa barazani kwake na alisema niliyoyaandika.

Wakili atataka mwandishi aje asimame. Anifuate hivi. Apande treni ya Jumapili asubuhi, ashuke Igalula. Asiulize kwa mkuu wa stesheni. Kashindye ana jamaa pale. Avuke reli upande wa kusini, afuate ukuta wa ghala hadi duka la Ratilal, aseme anamtafuta karani mpya. Ghala limenipangia chumba cha uani, nami nakijua. Mlango ni wa bati, hauna rangi. Agonge sana, maana sitafungua mara ya kwanza. Nikitoka nitasema mimi siye Silasi Masolwa, au nitasema naumwa, au nitasema daftari limeandikwa na mtu mwingine. Ninajijua. Asibishane nami. Anifungulie ukurasa wa tarehe sita Desemba, aniambie niandike mstari ule mmoja, "Nikagonga muhuri," kwenye karatasi yoyote aliyo nayo, auweke kando ya huu, aulinganishe mwandiko. Kisha anishike mkono, kwa nguvu, twende stesheni. Treni ya kurudi inapita saa kumi.